Maji Yakifika Nyuzi Kumi na Tano

Mwezi Aprili, kwenye mabwawa ya Arkansas na Tennessee, kuna wavuvi ambao hawarushi ndoana mpaka wapime maji. Boti za siku hizi zina kioo kinachoonyesha joto, lakini kihisio chake kimefungwa nyuma ya boti na kinasoma maji ya juu tu, yale yaliyochomwa na jua tangu asubuhi. Mvuvi makini hakitegemei hicho peke yake. Hufunga kipimajoto kwenye kamba, hukishusha mita moja au mbili, hungoja, kisha hukivuta na kukisoma upesi kabla upepo haujakipoza. Juu nyuzi 16, chini 12. Tofauti hiyo ndiyo itakayoamua kama siku hiyo atavua kandokando ya matete au atarudi kwenye kina.

Samaki anayetafutwa ni besi mdomo-mpana, mla nyama wa Amerika Kaskazini: mgongo wa kijani, mstari mweusi ubavuni, na taya linalopita nyuma ya jicho. Mwili wake hauna joto la kwake, una joto la maji aliyomo. Katika Januari ya Kentucky besi husaga chakula taratibu, hula mara chache, na hakimbizi chochote. Anayevuta chambo kwa kasi mbele yake anajichosha bure. Juu ya ukweli huo mmoja Wamarekani wamejenga ufundi mzima, nao unastahili sifa kuliko boti na mashine zote zinazouzwa kwa jina lake.

Chanzo chake ni fizikia ya shuleni. Barafu ni nyepesi kuliko maji, ndiyo maana huelea, na maji huwa mazito zaidi yakiwa na nyuzi 4 za Selsiasi, ndiyo maana vilindi vya ziwa la kaskazini hubaki karibu na nyuzi hizo huku juu pameganda. Barafu ikishayeyuka, maji ya juu hupanda joto hadi yalingane na ya chini, na hapo upepo huweza kulikoroga ziwa lote toka juu hadi sakafuni. Baada ya hapo ni zamu ya jua, na jua haligawi joto sawasawa. Hapo ndipo fundi anapoachana na mbahatishaji.

Hori za upande wa kaskazini ndizo hupata joto kwanza. Katika nusu ya kaskazini ya dunia jua la majira ya kuchipua hupita upande wa kusini, kwa hiyo ufuko wa kaskazini hutazamana nalo mchana kutwa, na vilima vya nyuma yake huukinga na upepo wa baridi. Matope meusi hunywa joto kuliko mchanga mweupe. Mawe yaliyopangwa kwenye tuta la barabara ili kuzuia mmomonyoko hushika joto la mchana mpaka jioni. Maji yenye tope kidogo huwahi kupata joto upande wa juu kuliko maji maangavu, kwa sababu chembe za udongo huufyonza mwanga palepale. Na upepo wa vuguvugu kutoka kusini ukivuma siku mbili mfululizo, husukuma maji ya juu na kuyarundika ng'ambo ya kaskazini. Mgeni huukimbia upepo huo akitafuta utulivu. Mzoefu huufuata, hata kama mawimbi yanamlowesha na boti haikai, maana hori mbili za ziwa lilelile zinaweza kupishana kwa nyuzi tatu au nne saa ileile.

Namba zenyewe kila mvuvi anazo kichwani. Maji yakikaribia nyuzi 10, besi huanza kupanda kutoka vilindini, na kamba wa ziwani huanza kutoka mashimoni. Huko Texas, kwenye maziwa kama Sam Rayburn na Lake Fork, huo ndio msimu wa chambo bandia chekundu, rangi ya kamba, na wapo wasiofunga rangi nyingine mpaka maua yapukutike. Kwenye nyuzi 13 samaki wako kwenye vichwa vya nchi kavu vinavyochomoza milangoni mwa hori, majike matumbo yamewajaa, wote wakila kwa pupa. Binamu yake, besi mdomo-mdogo, mpenda mawe na maji maangavu, huwa tayari mapema kwa nyuzi kadhaa. Halafu inakuja 15, na gumzo la magatini hubadilika.

Ila namba hizi si amri. Nyuzi 15 zinazopanda kwa siku tano na nyuzi 15 zinazoshuka baada ya mvua ya baridi ni habari mbili tofauti, ingawa kipimajoto kinasema neno lilelile. Urefu wa mchana nao una sauti yake. Wavuvi wengi huongeza mwezi mpevu, wakiapa kwamba samaki huingia viotani mbalamwezi ikijaa. Wengine hulicheka jambo hilo, kisha unawakuta majini usiku uleule. Anayejua kazi huandika. Daftari lililolowa, kurasa zake zimegandamana, lenye tarehe, joto la asubuhi na la alasiri, na jina la hori, lina faida kuliko ushauri wowote wa dukani.

Dume ndiye anayetangulia kuingia maji mafupi. Huchagua mahali penye changarawe, mchanga mgumu au mizizi, mara nyingi ubavuni mwa gogo au nguzo ya gati, kina cha nusu mita hadi mita mbili. Huinama, hupiga mkia chini, hugeuka, hupiga tena, mpaka tope linaondoka na kubaki duara jeupe kama sinia la pilau. Jike huja maji yakitulia kati ya nyuzi 16 na 20 hivi. Huzunguka na dume, ubavu kwa ubavu, hutaga, kisha huenda zake. Anaweza kutaga kwenye viota vya madume zaidi ya mmoja, na mayai yake kwa jumla huhesabiwa kwa maelfu. Kuanzia hapo kazi yote ni ya baba. Huyapepea mayai kwa mapezi ili yapate hewa na yasizikwe na tope. Huwafukuza samaki wadogo bapa wa ukoo wake mwenyewe wanaovizia pembeni. Maji yakiwa karibu na nyuzi 20, mayai huanguliwa kwa siku tatu au nne. Yakipoa, subira huongezeka. Vifaranga huinuka kutoka kwenye changarawe wakiwa wingu jeusi linalosogea polepole, na dume huwachunga kwa siku nyingine kadhaa. Aliyevaa miwani ya kukata mng'ao, akasimama kwenye boti na jua liko mgongoni, huyaona yote hayo.

Kisha baridi inarudi. Majira ya kuchipua ya Marekani hayana mwendo mmoja: leo mikono mifupi, kesho kutwa theluji nyepesi. Wingu likipita na kuacha anga buluu tupu lisilo na upepo, wavuvi hukunja uso, maana siku hiyo nzuri kwa mpiga picha ni mbaya kwao. Maji mafupi hupoteza kwa usiku mmoja joto lililokusanywa kwa wiki. Majike hurudi nyuma hadi ukingo wa kina, madume huweza kuviacha viota, na mayai yasiyopepewa huota ukungu. Hapo fundi hubadili kila kitu: chambo kidogo zaidi, mwendo wa taratibu zaidi, mshipi mwembamba. Au hurudi nyumbani, uamuzi ambao nao unahitaji ujuzi.

Kwa kuwa joto halifiki kila mahali siku moja, msimu wenyewe husafiri. Florida ya kusini samaki wanaweza kuwa viotani Januari. Ontario, Kanada, wengine wako bado mwanzoni mwa Juni. Mashindano makubwa ya Marekani huufuata msafara huo kutoka kusini kwenda kaskazini. Februari 2019, kwenye mto St. Johns wa Florida, Rick Clunn alishinda akiwa na umri wa miaka 72, akiwaacha nyuma vijana wenye umri wa wajukuu zake. Macho na mabega ya umri huo si ya kushindana na mtu. Kilichobaki ni kujua samaki yuko wapi na kwa nini.

Msomaji wa Kenya anaye samaki huyu karibu. Besi alipelekwa Ziwa Naivasha kutoka Marekani mwishoni mwa miaka ya 1920, kwa burudani ya walowezi, na yupo mpaka leo. Chakula chake kimojawapo kikubwa humo ni kamba wa asili ya Louisiana, mgeni mwenzake. Lakini Naivasha iko karibu na Ikweta, karibu mita 1,890 juu ya usawa wa bahari, na maji yake hukaa jirani na nyuzi 20 karibu mwaka mzima. Hakuna barafu ya kuyeyuka wala Aprili ya kungojwa. Mvuvi wa Tennessee akishushwa pale na daftari lake atakuta kurasa za kalenda hazimfai. Atabaki na upepo, kina na matete, na pengine atavua vizuri.

Ufundi huu una upande mgumu, nao ni kiota. Dume anayelinda hashambulii chambo kwa njaa. Anakiondoa nyumbani kwake. Kumvua ni rahisi mno, na hapo wavuvi wenyewe kwa wenyewe wamegawanyika. Ray Scott, muuza bima wa Alabama aliyeanzisha mashindano makubwa ya besi mwaka 1967, alileta kampeni ya kurudisha samaki majini wakiwa hai mwaka 1972, ikabadilisha desturi za nchi nzima. Lakini kumrudisha dume aliyepelekwa mizanini kilomita kadhaa si sawa na kumrudisha kiotani. Watafiti wa Ziwa Opinicon, Ontario, wanaoogelea na miwani ya majini juu ya viota, wameona jinsi wezi wa mayai wanavyoingia mara baba anapoondolewa, na jinsi madume waliochoshwa na ndoana wanavyokata tamaa wakayaacha. Sehemu kubwa ya kusini mwa Ontario msimu haufunguliwi hadi nusu ya pili ya Juni, na kabla ya hapo hata kumvua kwa nia ya kumwachia ni kosa. Kwa maoni ya mwandishi huyu, Ontario iko sahihi: ujuzi wa kusoma joto umekwisha kufanya kazi yake kiota kinapoonekana, na kinachofuata si ujuzi tena.

Rekodi ya dunia ina la kusema hapa. George Perry alivua besi wa kilo 10.09 huko Georgia tarehe 2 Juni 1932. Manabu Kurita alivua wa kilo 10.12 kwenye Ziwa Biwa, Japani, tarehe 2 Julai 2009, tofauti ndogo mno kwa kanuni, wakatangazwa sare. Wote wawili walivua baada ya machipuko. Tarehe 20 Machi 2006, kwenye Ziwa Dixon la California, Mac Weakley alimtoa kiotani jike wa kilo 11.4 hivi aliyejulikana kwa doa jeusi chini ya shavu. Ndoana ilikuwa imemshika mwilini, si mdomoni. Yeye na wenzake walimpima, wakampiga picha, wakamwachia, na Weakley hakuomba rekodi. Jike huyo alikutwa amekufa, akielea, Mei 2008. Rekodi bado ni ya Perry na Kurita.