Divai ya Bonane: Tununue ya Kunywa, Siyo ya Kupiga Picha



Desemba ikifika katikati, kijana wa Uvira aliyemaliza masomo anaanza kufanya hesabu. Familia ikishajua uko na diplomi, hata kama kazi bado unatafuta, inakungojea na chupa mkononi. Bia italetwa na wajomba, soda za watoto zitaletwa na shangazi. Divai? "Hiyo ni ya yule alisoma." Njo maana mtu ambaye hajalipwa miezi mitatu anaweza kukopa pesa, anunue chupa moja nzito yenye karatasi ya dhahabu shingoni, na chupa yenyewe haitoshi hata nusu ya meza.

Mimi nasema hivi: tunachagua divai vibaya, na sababu siyo kwamba hatuna ulimi. Sababu ni kwamba tunanunua kwa macho ya wengine.

Ulimi tuko nao. Mtu wa hapa anaonja Primus, anakwambia mara moja kama ni ya Kongo ama imevuka Kavimvira kutoka Burundi. Anaonja kasiksi, anajua kama imeongezwa maji. Mukeke wa jana hakuna anayeweza kumdanganya nao. Lakini mtu huyo huyo akisimama mbele ya chupa za divai, ulimi unaenda likizo. Anachukua ile yenye picha ya ngome ya Ulaya na maneno mengi ya Kifaransa. Yaani anaihukumu chupa kama vile ofisi zinavyotuhukumu sisi: kwa muhuri, bila kuuliza ndani mna nini.

Basi tuzipitie hizo chupa, aina kwa aina.

Ya kwanza ni ile inayopiga risasi saa sita ya usiku. Wote tunaiita "champagne". Kwa sheria ya Ulaya, jina hilo ni la divai inayotoka eneo la Champagne huko Ufaransa tu. Bei yake si ya mwenye kukopa. Ile tunayonunua kwa kawaida ni mousseux. Mousseux si kitu kibaya, ubaya ni kuilipia bei ya jina lisilo lake. Soma etiketi: "brut" ina sukari kidogo, "demi-sec" ni tamu wazi. Na hapa wengi wanaanguka: kwenye mousseux, neno "sec" halimaanishi kwamba haina sukari. Inaweza kuwa na gramu 17 hadi 32 kwa lita. Kama mama mkubwa anapenda tamu, mpe demi-sec, atafurahi. Moja inatosha kwa kelele na kwa picha. Ya pili na ya tatu ni pesa inayotoka na povu.

Ya pili ni karton, ile tunayoionea haya. Don Simon ya Hispania, kwa mfano, watu wanaificha nyuma ya friji, kiisha wanakunywa wao wenyewe usiku. Lakini karton ni chombo tu. Kinachohitaji macho ni maandishi: kuna karton ya divai, na kuna karton ya sangria. Sangria ni kinywaji cha divai kilichotiwa sukari na ladha ya matunda, na kwa kawaida pombe yake ni ndogo kuliko ya divai. Ukiitaka sangria, inywe baridi na vipande vya chungwa, ni nzuri kwa joto letu. Ubaya ni kulipa ukifikiri umenunua divai.

Ya tatu ni nyekundu ya Afrika Kusini. Hapa naweka kura yangu. Wale watu wanatengeneza divai tangu 1659, siyo wageni wa kazi. Wana hata zabibu yao wenyewe, Pinotage, iliyozaliwa Stellenbosch mwaka 1925. Kwa nyama ya mbuzi ya kuchoma, yenye chumvi na moshi, Pinotage ya bei ya kati inafanya kazi kuliko chupa ya Ufaransa ya bei ile ile, kwa sababu chupa ya jina kubwa unailipia na jina.

Ya nne ndiyo tunayoidharau bure: nyeupe. "Divai nyeupe ni ya wanawake," wanasema. Sasa mukeke wa kuchoma, ndimu na pilipili juu, unampeleka na nini? Nyekundu kali ikikutana na samaki wa mafuta inaacha ladha ya chuma mdomoni, na pilipili inazidi kuwaka. Chukua Chenin blanc, zabibu inayolimwa kuliko zote Afrika Kusini. Haina makuu, ina uchachu unaofanana na ile ndimu. Sisi ni watu wa ziwa. Divai ya kwetu ilipaswa kuwa nyeupe.

Kuna adui mmoja wa chupa zote: jua. Divai inachukia joto na mwanga, na mji wetu uko navyo vyote viwili. Chupa iliyosimama mwezi mzima mbele ya dirisha la duka imeshachoka, hata kama ilikuwa nzuri. Omba ya ndani, ya kwenye kivuli. Tazama kizibo: kama kimesukumwa juu ama kuna alama ya divai iliyovuja, iache. Tazama mwaka: divai ya bei ndogo haizeeki vizuri, nyeupe ya miaka mitano kwa bei ya kutupa siyo bahati. Na tuache ile methali ya vitabu kwamba nyekundu inywewe "kwa joto la chumba". Chumba walichokuwa wanasema ni cha Ulaya, chenye digrii 16 ama 18. Chumba cha Mulongwe saa nane mchana siyo hicho. Nyekundu pia iingie frigo nusu saa. Umeme ukikosa, ndoo ya maji na kitambaa kilicholowa juu ya chupa vitasaidia.

Mwisho ni hesabu, maana tumesoma. Chupa ya sentilita 75 inatoa glasi tano. Watu kumi na wawili, glasi mbili kila mmoja, ni chupa tano. Boksi ya lita tano ni karibu chupa saba. Tuseme, kwa mfano tu, chupa ni dola 8 na boksi ni dola 20: lita moja ya chupa inakugharimu zaidi ya dola 10, ya boksi ni dola 4. Na boksi ikishafunguliwa inakaa wiki kadhaa, chupa ni siku chache tu. Gawanya kwa lita kabla ya kutoa pesa.

Na kama kwenu hawanywi, marakuja ya kukamuliwa vizuri inatosha, hakuna deni la divai kwa mtu.

Familia iliyouza mbuzi ili usome haikusubiri ngome iliyochorwa kwenye etiketi. Ilisubiri urudi, ukae mezani, na ujue kuchagua. Chupa nyeupe mbili za bei ya kawaida, baridi, zilizofika pamoja na mukeke, zinaonyesha elimu kuliko ile ya dhahabu inayolipwa mpaka Machi.

Noeli njema, na bonane njema.