Mpanda, jua la utosi halifiki saa sita

Ukifungua utabiri wa hali ya hewa kwenye simu ukiwa Mpanda, utaona namba pembeni ya herufi UV. Ni kipimo cha urujuanimno, mionzi isiyoonekana inayounguza ngozi na kudhuru macho. Namba 0 hadi 2 ni hafifu, 8 hadi 10 ni kali sana, na 11 kwenda juu imepindukia.

Anayeikokotoa huanza na kimo cha jua angani. Jua likiwa chini, mionzi hupita kwa mshazari, safari yake ndani ya ozoni hurefuka na mingi huchujwa. Kisha huingiza kiasi cha ozoni, mawingu, moshi na mwinuko. Mpanda ipo takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na kila mita 1,000 huongeza kama asilimia 10.

Kinachotupotosha ni saa ya ukutani. Saa ya Tanzania hufuata mstari wa nyuzi 45 mashariki, ilhali Mpanda iko nyuzi 31. Kila nyuzi moja ni dakika 4, hivyo jua letu huchelewa karibu saa nzima.

Chukua mapema Machi, siku jua linapopita wima juu ya mji: kilele ni kama saa 7 na dakika 7 mchana. Anga ikiwa safi, aliye shambani saa 4 asubuhi hupata kama asilimia 40 ya nguvu ya kilele. Saa 8 mchana hupata zaidi ya asilimia 90. Anayepumzika saa 6 akarudi na jembe saa 8, akiamini makali yamepungua, amekikwepa kilele chenyewe, lakini anarudi makali yakiwa bado karibu yaleyale.

Joto nalo si kipimo: hewa huzidi kupata moto hadi alasiri, wakati mionzi imeshaanza kushuka. Wingu jembamba hukupoza huku likipitisha sehemu kubwa ya mionzi.

Kwa mwenye ualbino, ambaye saratani ya ngozi humnyemelea tangu ujana, kosa la saa moja kila siku ni kubwa. Asiye na simu asimame uwanjani atazame kivuli chake. Kikiwa kifupi kuliko yeye, avae kofia pana na mikono mirefu, au asogee chini ya mwembe. Siku hiyo ya Machi, kivuli hubaki kifupi tangu saa 4 asubuhi hadi saa 10 jioni.