OpenWrt One: Ruta Inayokataa Kufa

Jamani, iko mezani kwangu! Ruta ya kwanza kubuniwa na watu wale wale wanaoandika OpenWrt, programu huria ya ruta iliyozaliwa mwaka 2004 baada ya msimbo wa ruta ya Linksys WRT54G kuachiwa hadharani. Miaka 20 walikuwa wakipenyeza kazi yao kwenye ruta za wengine. Mwishoni mwa 2024, wakishirikiana na shirika la Software Freedom Conservancy, wakatoa ya kwao. Banana Pi ndiye mtengenezaji, bei ilitangazwa dola 89 na kasha lake, na 10 kati ya hizo huenda kwenye mfuko wa mradi.

Prosesa ya MediaTek, RAM ya gigabaiti 1, Wi-Fi 6. Sawa, vizuri, lakini siyo hivyo vilivyonikosesha usingizi. Utamu uko kwenye kuflashi, yaani kuiwekea programu dhibiti upya!

Unapakua faili la programu dhibiti, unaandika sha256sum kwenye kompyuta, zinatoka herufi na tarakimu 64: alama ya faili hilo na si jingine. Linganisha na ile iliyochapishwa na mradi, na tafadhali linganisha zote, siyo nne za mwanzo na nne za mwisho kama wanavyofanya wavivu. Kisha fungua 192.168.1.1 kwenye kivinjari, pakia faili. Kabla ya kuandika chochote, ruta inakuonyesha tena alama ile ile upande wake! Faili likiharibika njiani, utaliona hapo hapo. Na ukiipa faili la modeli nyingine, inagoma.

Umeme ukikatika katikati ya kuflashi je? Kwenye ruta nyingi hapo ni kilio. Hii ina hifadhi mbili: NAND ya matumizi ya kila siku, na NOR ndogo iliyofungwa isiandikwe ovyo. Kuna swichi ya kuchagua ruta iwake kutoka hifadhi ipi. Isukume upande wa NOR, chomeka flashi ya USB yenye mafaili ya kurejeshea, washa huku umebonyeza kitufe cha mbele, na NAND inaandikwa upya. Hakuna kufungua kasha wala kulehemu nyaya! Tena kebo ya kawaida ya USB-C inatosha kukuonyesha kila mstari wa ujumbe ruta inapowaka. Mwaka wa ngapi huu ndipo mtu anakumbuka kutuwekea kitu hiki?

Ukishamaliza, weka nywila mara moja, maana OpenWrt huja bila nywila, na Wi-Fi utaiwasha mwenyewe.

Kasoro? Tundu la LAN ni moja tu, kwa hiyo mwenye kompyuta nyingi za waya atanunua swichi ya mtandao pembeni. Mimi sijali. Ndani kuna nafasi ya M.2 ya kuongezea hifadhi, na bisibisi tayari ninayo mkononi.