Fani na Maudhui ya Fomu za Intaneti

Mhakiki wa Kiswahili amezoea kuzikabili riwaya, tamthilia na tenzi. Fomu humwachia karani. Lakini huduma nyingi za serikali nchini Kenya sasa huombwa kwa njia ya intaneti, na fomu imekuwa matini isomwayo hata na watu wasiofungua riwaya tangu watoke shuleni. Riwaya mbovu huwekwa kando. Fomu mbovu yaweza kumnyima mtu haki yake. Kwa hiyo yastahili kuhakikiwa.

Tuanze na maudhui. Fomu nyingi huuliza "Jina la ukoo". Swali hili lachukulia kwamba kila mtu ana jina moja lirithiwalo na nyumba nzima. Desturi ya Waswahili wengi wa pwani ni kufuatanisha jina la mtu, la babaye na la babuye. Tuseme mtu aitwa Ali Hassan Juma. Juma ni babu yake. Ukoo wake huenda una jina jingine, lisilokuwamo katika kitambulisho. Akijibu kwa uaminifu, ataandika jina lisilolingana na kumbukumbu nyingine, na ombi lake laweza kukataliwa. Kosa ni la muulizaji. Shirika la W3C, litungalo kanuni za mtandao, limeshauri kwamba iwezekanapo jina lote liulizwe katika kisanduku kimoja. Yatosha kusema: "Andika jina lako kamili kama lilivyo katika kitambulisho."

Kwa upande wa fani, twaona dosari mbili. Kwanza, maelezo huandikwa kwa rangi hafifu ndani ya kisanduku; mara msomaji aanzapo kuandika, hutoweka, naye hubaki akikisia alichoulizwa. Yafaa yakae juu ya kisanduku wakati wote. Pili ni lugha ya masahihisho. Fomu isemayo "Ingizo batili" humkaripia msomaji bila kumfundisha. Linganisha na hii: "Nambari ya simu iwe na tarakimu 10, ikianza na 07 au 01." Kanuni za W3C za mwaka 2008 zataka mahali penye kosa paonyeshwe, na kosa lenyewe lielezwe kwa maandishi.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya mafundi wa kompyuta. Hatukubaliani nao. Fundi hupanga visanduku. Kuteua neno litakaloeleweka Lamu na Kakamega ni kazi ya mwanalugha. Katiba ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Urasmi huo hautatimia ikiwa fomu hubuniwa kwa Kiingereza, kisha ikatafsiriwa neno kwa neno. Mwanalugha na aitwe tangu swali la kwanza linapotungwa. Kisha fomu apewe mtu asiyeijua, na watunzi waketi kando kimya, watazame ni wapi anaposita. Hapo ndipo pa kusahihisha.