Kifilipino na Kipolandi: Ugumu wa sarufi si nguvu ya lugha

Wapo wapenzi wa lugha wanaozipima lugha kama wapandaji mlima: iliyo ngumu kupanda ndiyo kubwa. Kwa mizani hiyo, Kipolandi huwekwa kileleni na Kifilipino huachwa bondeni. Kipolandi, tunaambiwa, kina sarufi ya kumtoa mtu jasho. Kifilipino nacho ati ni mseto tu wa maneno yaliyookotwa kwa Wahispania na Wamarekani. Nashikilia katika makala haya kwamba mizani hiyo ni mbovu, na inatufichia tofauti halisi iliyopo baina ya lugha hizi mbili.

Haya, tuanze na sarufi yenyewe. Nomino ya Kipolandi hubadilisha mwisho wake kutegemea kazi yake katika sentensi, na kazi hizo zimegawanywa katika makundi saba. Kitabu huitwa książka. Ukisema unasoma kitabu, utasema czytam książkę. Ukikanusha, utasema nie czytam książki. Yaani kukanusha kitenzi tu kumebadilisha umbo la nomino! Aidha, kitenzi cha wakati uliopita hufichua jinsia ya mtenda: mwanamume aliyenunua, kupił, mwanamke, kupiła.

Je, Kifilipino ni mteremko? Hebu utazame mzizi bili, wenye maana ya kununua. Kiambishi -um- hakitangulii mzizi huu wala hakiufuati, bali hupenyezwa ndani yake: bumili, yaani alinunua. Rudia silabi ya kwanza upate bibili, atanunua, na bumibili, ananunua. Si hayo tu. Katika bumili ang lalaki ng isda, mwanamume alinunua samaki, kitenzi kinamwelekea mtenda. Ukisema binili ng lalaki ang isda, samaki ndiye anayekuwa kitovu cha usemi, tena ni samaki anayejulikana. Tumia ibinili, na kitovu kinahamia kwa mtu aliyenunuliwa samaki huyo. Wanaisimu wangali wanabishana kuhusu namna bora ya kuueleza mfumo huu. Isitoshe, Mfilipino ana "sisi" mbili: tayo, inayomjumuisha msikilizaji, na kami, inayomwacha nje. Kipolandi hakina utofautishaji huo.

Kwa hivyo ugumu hutegemea umesimama wapi. Sisi tuliozoea "yeye" isiyobagua mume na mke tutaiona siya ya Kifilipino kuwa jirani yetu, na tutahangaika na on na ona za Kipolandi. Mrusi hatahangaika hata kidogo.

Na hayo maneno ya kukopa? Ni kweli Kifilipino kilichukua mesa, silya (kiti) na bintana (dirisha) kutoka Kihispania. Lakini Kipolandi nacho kilichukua dach (paa) na ratusz (jumba la baraza la mji) kutoka Kijerumani, na hakuna anayekiita mseto. Sisi wenyewe tulipata "meza" kwa Wareno, jirani za Wahispania. Mswahili na Mfilipino wanakula kwenye meza moja!

Tofauti halisi iko katika kazi ambazo kila lugha imepewa. Poland ilifutwa kwenye ramani mwaka 1795, baada ya kugawanywa na Urusi, Prussia na Austria, ikarejea 1918. Kwa miaka 123 lugha haikuwa na dola, ila ilikuwa na watu walioifanyia kazi. Adam Mickiewicz alichapisha Pan Tadeusz mjini Paris mwaka 1834. Mjini Warsaw palikuwa na chuo kikuu cha siri, na Maria Skłodowska, ambaye ulimwengu humjua kama Marie Curie, alisoma humo. Mjini Września mwaka 1901, watoto walichapwa kwa kukataa kufundishwa dini kwa Kijerumani. Dola iliporudi ilikuta lugha iko tayari. Leo katika nchi hiyo ya watu takriban milioni 38, mwanafunzi husoma fizikia, sheria na udaktari kwa Kipolandi.

Wafilipino nao hawakukosa vipaji. Francisco Balagtas alitunga Florante at Laura kwa Kitagalogi, na utenzi huo ukachapishwa 1838, miaka minne tu baada ya kazi ya Mickiewicz. Hata hivyo, José Rizal, shujaa wa taifa, aliandika Noli Me Tángere (1887) kwa Kihispania. Kisha Wamarekani wakaleta Kiingereza shuleni. Mwaka 1937 Rais Manuel Quezon alitangaza Kitagalogi kuwa msingi wa lugha ya taifa, na katiba ya 1987 ikaiita lugha hiyo Kifilipino. Nchi ina zaidi ya watu milioni 100, lakini sheria zake huandikwa kwa Kiingereza. Mwaka 2013 tume ya elimu ya juu iliondoa Kifilipino kwenye masomo ya lazima vyuoni. Wahadhiri waliungana 2014 chini ya Tanggol Wika kukitetea, wakaenda mahakamani. Mwaka 2018 Mahakama ya Juu iliunga mkono uamuzi wa tume.

Atakayenipinga atasema Poland ya leo karibu yote inazungumza lugha moja, ilhali Ufilipino ina lugha zaidi ya 100, na wasemaji wa Kisebuano hulalamika kwamba Kifilipino ni Kitagalogi kilichobadilishwa jina. Lalamiko hilo lina uzito, nami silipuuzi. Lakini halielezi kwa nini sayansi hufundishwa kwa Kiingereza hata Manila, katikati ya wasemaji wa Kitagalogi wenyewe.

Katiba yetu ya 2010 inasema Kiswahili ni lugha ya taifa, tena ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Ukiisoma sambamba na ile ya Ufilipino, utadhani ziliandikwa na karani mmoja. Basi tuache kujisifia utamu wa ngeli na minyambuliko yetu. Tuulizane: kitabu cha fizikia cha kidato cha tatu kwa Kiswahili anakiandika nani, na nani atakinunua?