Wimbo wa Aliyeacha Kusali: Namna ya Kuupima

Wimbo wa mtu aliyepoteza imani hupimwa kwanza kwa kuuliza anamwambia nani. Kama anawaambia wenye dini kwamba wao ni wajinga, wimbo umekwisha kabla gitaa la solo halijaingia, maana hayo ni mahubiri tu yaliyogeuzwa upande. Wimbo mzuri wa aina hii bado unaye wa kuzungumza naye. Unamwita Mungu, unamuuliza, unamsubiri, na hajibu. Kimya kile ndicho kinachowapa wapigaji kazi ya kufanya.

Kwetu Kongo, wimbo wa kupimia nyingine zote ni "Nakomitunaka" wa Verckys Kiamuangana Mateta na Orchestre Vévé, uliotoka mwaka 1972. Verckys alikuwa mpiga saksafoni, akapitia OK Jazz ya Franco kabla ya kuwa na kundi lake mwenyewe. Katika wimbo huu hasemi kwamba Mungu hayupo. Anajiuliza, na anamuuliza Mungu mwenyewe: ngozi nyeusi ilitoka wapi? Mbona katika vitabu vya dini malaika na watakatifu ni weupe, na shetani peke yake ndiye aliyepakwa rangi yetu? Aliyesoma misheni hahitaji maelezo zaidi. Picha ile anayo kichwani tangu utoto: malaika mwenye nywele za dhahabu, na chini yake kiumbe cheusi chenye pembe kikikanyagwa. Mtunzi hakutoa somo juu ya ukoloni. Aliweka kidole juu ya picha ambayo msikilizaji alikwisha kuiona, akakiacha pale pale. Ukiwa unaupima wimbo mwingine wowote wa shaka, tafuta kidole hicho kimewekwa juu ya nini. Kama hukioni, kama maneno ni "dunia", "uongo", "giza" na "machozi" mwanzo hadi mwisho, usipoteze muda wako.

Ufundi huu si wetu peke yetu. Kundi la XTC la Uingereza lilitoa "Dear God" mwaka 1986, barua kwa Mungu ambaye mwandishi wake anasema hamwamini tena, na sauti inayoifungua ni ya mtoto. Nchi nyingine, hasira nyingine, lakini njia ni ile ile: huwezi kugombana na mtu ambaye humwiti.

Jambo la pili ni gharama, na hapa lazima tuseme ukweli wote juu ya "Nakomitunaka". Mwaka 1972 ulikuwa mwaka wa Mobutu na siasa ya uhalisi. Majina ya Kikristo yalipigwa marufuku, Kardinali Malula akalazimika kwenda kukaa Roma kwa muda, na mwaka 1974 hata sikukuu ya Noeli ikafutwa. Kuwakera mapadri wakati ule hakukuwa lazima kuikera serikali. Wapo wanaouondolea wimbo huu sifa ya ujasiri kwa sababu hiyo. Mimi sikubaliani nao, ingawa hoja yao ni nzito. Nyimbo nyingi zilizotungwa kuifurahisha serikali zilikufa na serikali. Swali la Verckys limebaki, kwa sababu halikuwa la chama. Aliyelipia si mtunzi peke yake bali kila mtu aliyeuimba nyumbani mbele ya mama mwenye rozari mkononi. Basi ukiusikia wimbo mpya, uliza: nani atakasirika? Asipokuwepo hata mmoja ambaye mwimbaji anampenda, shaka ile ni ya bei rahisi.

Anayesikiliza akiwa Lubutu, huku kwetu Maniema, ana sikio la ziada katika jambo hili. Miaka 28 kabla ya santuri ile, mwaka 1944, Bushiri Lungundu aliwaongoza Wakumu wa Kitawala katika uasi ulioenea pande za Lubutu na Masisi. Kitawala ilitokana na mafundisho ya Watch Tower, lakini huku msituni, katikati ya kazi za lazima za wakati wa vita, ilikuwa dini ya watu waliokataa kuamini kwamba Mungu aliwapa wazungu peke yao ufunguo wa mbingu. Kwa hiyo swali la "Nakomitunaka" halikuja Lubutu kutoka Kinshasa likiwa geni. Lilikuwa limekwisha kuulizwa hapa, likazimwa kwa silaha.

Halafu ipo Tingi-Tingi. Kuanzia mwisho wa 1996 hadi mwanzo wa Machi 1997, wakimbizi wa Rwanda zaidi ya laki moja walijazana pale, kilometa chache tu kutoka Lubutu, kipindupindu na njaa vikiwamaliza, na barabara yenyewe ikatumika kutua ndege. Mtunzi wa huku anayetaka kuimba kwamba sala zake zilikauka ana haki ya kuigusa habari hiyo, ila asiiguse kwa neno "vita" peke yake. Neno hilo kila redio inalo. Aimbe lami iliyogeuzwa uwanja wa ndege. Aimbe misa iliyosomwa Jumapili huku watu wakizikwa kando ya barabara. Imani haiondoki kwa jumla. Huondoka siku fulani, mahali fulani, na wimbo usiojua mahali pale haujui unaimba nini.

Sasa muziki wenyewe, maana wengi husikiliza maneno wakasahau vidole. Mwimbaji mzuri wa shaka anajua kuimba kanisani. Sikiliza kama sauti ya pili na ya tatu zinapanda na kushuka kama korali ya misa ya asubuhi. Ndipo uchungu ulipo: kinywa bado kinajua njia, moyo umekwisha kupotea. Katika Maniema, ambako Uislamu uliingia na misafara ya wakati wa Tippu Tip, sauti hiyo inaweza kuwa ya kaswida pia, na mtunzi atakayethubutu atakuwa na hazina ambayo Kinshasa haina. Asiyewahi kuimba zaburi wala kaswida utamtambua upesi: anakashifu nyumba ambayo hajawahi kulala ndani yake.

Baada ya ubeti huja sebene, na hapo nyimbo nyingi huanguka. Gitaa linapokaza mwendo na watu wanaposimama kucheza, shaka inakwenda wapi? Kuna sebene inayoifuta, kama vile hakuna kilichosemwa. Iliyo bora hulirudia swali kwa nyuzi, kifungu kifupi kile kile, kikigeuzwa kidogo bila kufika nyumbani, hata miguu ikacheza swali bila kupewa jibu. Na atalaku, yule anayepaza sauti juu ya sebene, akianza kurusha mabanga, akiwataja matajiri waliolipa ili majina yao yasikike, zima. Mtu hawezi kumlilia Mungu na kumsifu mfanyabiashara wa dhahabu kwa pumzi moja.

Nimemweka mwisho mtoto wa Kindu, Remmy Ongala, aliyezaliwa mwaka 1947 na kufika Dar es Salaam mwaka 1978, akapiga na Orchestra Makassy kisha Matimila. Wimbo wake "Kifo" haumshtaki Mungu. Unamshtaki Kifo mwenyewe, uso kwa uso, kwa Kiswahili ambacho bibi wa Lubutu anakielewa bila mkalimani. Miaka yake ya mwisho, kabla ya kufariki Desemba 2010, Remmy aliacha dansi akaimba Injili. Baadhi ya wahubiri wanaona kwamba kuokoka kwake kulizifuta nyimbo zile. Hakukuzifuta. Maisha ya mtunzi yanaweza kupata jibu, wimbo ukabaki ulipo, na usiku wa msiba watu bado wanauhitaji.

Ndiyo maana nawaonya vijana wetu juu ya ubeti wa toba. Kijana hutunga wimbo mkali, kisha kwa kumwogopa mchungaji au shangazi anaongeza mwishoni maneno ya kurudi kundini, mara nyingi kwa tuni ya kuazima na vina vilivyolegea. Akikuletea wimbo wa namna hiyo, mwambie aupige mara ya kwanza wote, mara ya pili bila ubeti ule. Wimbo ukisimama bila ubeti ule, ubeti uondoeni. Wimbo ukiyumba, basi toba ilikuwamo tangu ubeti wa kwanza, na kazi iliyobaki ni kurudi huko mwanzo kuitafuta.