Chaki ya Fundi wa Buguruni

Mafundi pikipiki wa Buguruni, kule Barabara ya Uhuru inakokutana na Mandela, wanastahili pongezi kwa kazi ambayo abiria wa bodaboda haioni: kutafuta chanzo cha cheni inayokaza na kulegea.

Pikipiki aina ya Boxer inapandishwa stendi kubwa, gia huru. Tairi la nyuma linazungushwa taratibu kwa mkono huku kidole kikiinua cheni upande wa chini. Hapa inacheza, pale imekaza kabisa. Mwenye pupa angekimbilia nati za kurekebishia cheni. Fundi makini anachukua chaki, anaweka alama kwenye sproketi na kwenye pingili, kisha anazungusha tena. Cheni ikikaza kila tairi linapomaliza mzunguko, mashaka yanaangukia sproketi iliyopinda au beringi iliyochoka. Ikikaza kwenye pingili zilezile, cheni yenyewe imevutika pasipo usawa.

Huo ni uaminifu wa kupigiwa mfano, maana kumuuzia dereva seti mpya ya cheni na sproketi bila kupima ni rahisi zaidi.

Marekebisho nayo hufanywa pale cheni ilipokaza zaidi, kamwe si ilipolegea. Vinginevyo beringi za gurudumu na za giaboksi huumia.